Mume Kwenye Kochi la Mteja

9 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Huku mikono mizima na wateja wapo, nasuka mpaka vidole vinagoma. Goti lako linasemaje?

Ambao si mzima ni moyo. Nimemfukuza mume wangu, Fundi. Mimi na yeye tulikutana kwenye foleni ya dawa, wote tuna virusi vya UKIMWI, wote tunameza vidonge bila kuruka, na majibu yetu ya vipimo ni mazuri mpaka tunasifiwa. Nikasema hapa nimepata mtu. Sasa nimetokwa na malengelenge huko ambako siwezi kukuandikia, yanachoma kama pilipili. Mimi sijatoka nje ya ndoa. Nani basi katoka? Kalia, kaapa, nikamrushia mto na shuka. Analala kwenye karakana yake ya makochi, juu ya kochi la mteja.

Usiniambie nivumilie.

Mwanao, Msusi

15 Machi

Msusi wangu,

Marahaba. Goti linalalamika kama kawaida, nimelizoea.

Sikwambii uvumilie. Nauliza tu: hayo malengelenge kayaangalia nani zaidi yako na kioo? Nenda kliniki, na uende naye. Kama ana makosa, yamkute mbele ya daktari asipate pa kujificha. Ukiona aibu kuvua, jua daktari ameshaona mengi kuliko hayo yako.

Na mwenye kochi anajua?

Shangazi yako

20 Aprili

Shangazi,

Shikamoo ya mwezi mzima, ipokee yote, na usininunie kwa kunyamaza.

Tulienda. Daktari ni mama mmoja mwenye sauti ya mtangaza mpira. Akaniangalia, akasema, "Virusi vya malengelenge. Mama, wenye virusi vya UKIMWI wengi sana wanavyo na hivi pia, na wengi wala hawajijui!" Eti vinaweza kulala mwilini miaka, halafu vikaamka mwili ukichoka. Fundi akapimwa damu: naye anavyo, na hajawahi kuota hata kipele.

Nikauliza, "Sasa nani kamletea mwenzake?"

"Hilo halina kipimo. Pengine kila mtu alikuja na vyake."

Fundi akashusha pumzi. Daktari akamgeukia: "Na wewe usifurahi sana, sijasema u malaika."

Nilipewa vidonge, malengelenge yakakauka. Dawa zetu za siku zote tunaendelea nazo, kondomu tutumie, na kukiwa na kidonda kila mtu akae upande wake.

Lakini nilikuwa sijapata jibu, Shangazi. Ilibidi nichague mwenyewe, ndiyo maana sikuandika. Juzi nikaenda karakana. Nikamkuta na misumari mdomoni, anakaza kitambaa. Nikamwuliza tena, macho kwa macho. Safari hii hakuapa. Akatema misumari, akasema, "Sina cha kukuonyesha, mke wangu. Nipo mimi tu. Ukiniamini nitarudi, usiponiamini nitakuelewa."

Nilimwamini. Nikaketi kando yake kwenye kochi, mguu wa kochi ukakatika, tukaanguka wote wawili! Tulicheka mpaka fundi wa jirani akaja kuchungulia. Karudi nyumbani. Mwenye kochi tumemwambia asubiri kidogo, bado kuna mbao za kubadilisha.

Halafu, Shangazi, vile vidonda vinavyokutoka mdomoni ukishikwa na mafua? Daktari anasema ni virusi vya ukoo huohuo.

Mwanao, Msusi

28 Aprili

Msusi,

Marahaba, na karibu tena kwenye ndoa yako. Mwambie Fundi nimefurahi, na mguu wa kochi aupige misumari ya maana.

Ile habari ya mdomo nilimsomea mzee wangu tukiwa mezani. Akanitazama midomo, akavuta kikombe chake taratibu mpaka pembeni kabisa mwa meza, mbali na changu.

Nikamwambia, "Baba watoto, miaka yote hii unanibusu. Umechelewa."

Akakirudisha kando ya changu.

Shangazi yako