Kutoka Mabegani Hadi Tumboni

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Hujambo wewe, shemeji, na wale watundu wako? Ile cherehani mpya imeshakuzoea, au bado inakukatia nyuzi? Mimi ningependa kuandika kuwa sijambo, lakini nina hofu, dada. Ningepiga simu, ila ungeisikia hofu sautini mwangu kabla sijamaliza kukusalimia, nami nataka kukueleza kwa utaratibu.

Muhula huu tuna somo jipya la ustawi wa muuguzi. Mwalimu wetu, mama mmoja mpole anayetembea kana kwamba anaogopa kuiamsha sakafu, anasema muuguzi asiyejitazama hawezi kumtazama mgonjwa. Anatufundisha uzingativu, yaani akili yako iwe pale mwili wako ulipo. Siku ya kwanza alituuliza tunauelewaje. Mwenzangu wa chumbani akajibu kuwa ni kulala bila kukoroma, darasa likaangua kicheko. Kaka mmoja anayefanya mazoezi wodi ya majeruhi akasema kwake ni kunawa mikono na kuhisi maji tu, maana akiacha kuyahisi maji anawaona tena wale walioletwa. Mimi nikasema ni kutoogopa. Mwalimu alinitazama kidogo, akasema tutaona.

Zoezi lenyewe tunalifanyia katika chumba cha mafunzo, tumelala kwenye mikeka katikati ya vitanda vya yale masanamu ya kujifunzia sindano. Tunafumba macho, kiongozi anataja kiungo, nasi tunaweka kiganja hapo na kupeleka akili: utosi, shingo, mabega, kifua, tumbo, hadi nyayo. Baada ya majuma machache mwalimu alinipa mimi kuongoza. Wenzangu wakanibatiza Bi Utulivu. Anayetetemeka kabla ya kuingia wodini huja kwangu nimpumzishe, na sifa zilinivimbisha kichwa, sikufichi.

Juzi tulipotoka, mwenzangu wa chumbani alinifuata koridoni. Safari hii hakuwa na utani. Aliniuliza mbona nikiongoza mimi tunatoka mabegani na kurukia tumboni, kifuani hatupiti. Nikasema nasahau. Akanijibu kwamba mtu hasahau mahali palepale kila siku.

Alisema kweli. Siku ile ya kwanza, mwalimu alipotuambia tuweke kiganja kifuani, changu kilikuta uvimbe kwenye titi la kushoto, mgumu, kama punje ya hindi. Tangu hapo sijapagusa; hata nikioga nauzungusha mkono mbali. Kule kupumua kwangu kote kulikuwa kukimbia huku nimelala. Kliniki ipo ng'ambo ya bweni letu, nami ndiye ninayefundishwa kuwahimiza wanawake wawahi! Unamkumbuka mama yetu titi lake lilipoanza kuuma, alivyosema ni uchovu tu, nasi tukamwamini kwa kuwa tulitaka kuamini, mpaka tukamzika. Baba mpaka leo husema mficha maradhi kilio humuumbua, kisha hutoka nje.

Jana nilimwambia mwalimu. Nilidhani atanipa namna nyingine ya kupumua. Alinishika mkono akasema sasa si wakati wa kulala mkekani, tukavuka pamoja hadi kliniki. Daktari alisema kwa umri wangu uvimbe mwingi hauna madhara, ila yeye hawezi kupima kwa macho. Alhamisi ijayo watachukua kipande kidogo kwa sindano. Kisha akauliza habari za mama, na kama nina dada. Nikasema ninaye. Hapo ndipo nililia, dada, maana mpaka dakika ile nilikuwa najiogopea mimi peke yangu.

Barua hii anakuletea mwenzangu huyohuyo wa chumbani, anapita huko kwenu kesho. Tafadhali njoo Alhamisi. Bi Utulivu amekwisha, aliyebaki ni yule mdogo wako aliyekuwa akikung'ang'ania gauni. Baba nitamwambia mwenyewe, ukiwa umekaa kando yangu. Msalimie sana shemeji, na watoto uwabusu.

Na kabla hujaikunja barua hii, funga mlango, weka kiganja kifuani, kulia na kushoto, polepole. Usiruke.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba