Vitabu vya Baba Nilivichagua Mimi

Nyakato, Mwanza
Jumapili, baada ya misa

Kaka Faustini,

Nakusalimu kwa sababu mama alitulea kusalimu hata tukiwa na hasira. U mzima? Baba anaendeleaje? Yale matone ya macho bado unamwekea asubuhi na jioni, au yamekwisha na hujasema? Watoto wako hawajambo? Mimi mwili ni mzima, miguu tu inavimba kwa kusimama, lakini hilo si jipya.

Nimeandika barua kwa sababu simu yangu umeikata mara tatu wiki hii, na mara ya nne ukampa mkeo aseme umekwenda shambani, huku nikikusikia unakohoa hapo hapo pembeni yake. Karatasi huwezi kuikata nikiwa katikati ya neno. Kwa hiyo kaa chini usome.

Nitaanza mwanzo kabisa, maana wewe una tabia ya kuruka mambo yasiyokupendeza. Baba alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo hadi alipostaafu. Maisha yake yote ya kazi amekaa anaandika maneno ya mashahidi, wa kweli na wa uongo. Presha ya macho ilipompofusha kabisa, hakuomba redio wala hakuomba apelekwe kwa waombezi. Aliomba riwaya. Tena riwaya za kusisimua tu, za mauaji na upelelezi, asomewe jioni akiwa kwenye kiti chake. Wewe ndiye uliyenipigia ukasema, "Wewe uko mjini, vitabu viko huko. Tafuta, weka kwenye meli, mimi nitavipokea hapa Nansio na nitamsomea." Nikakubali. Nilidhani ni kazi ya kuingia dukani na kutoka.

Nilikwenda kwa mama mmoja anayetandaza vitabu vya mtumba juu ya turubai kule Makoroboi, anaitwa Mama Zuhura. Akaniuliza, "Baba anapenda vitabu gani?" Nikasema, "Vya mauaji." Akacheka. "Mauaji ya namna gani, mwanangu?" Sikujua kwamba yana namna. Nikachukua cha juu, kilichokuwa na kisu kwenye jalada.

Wiki iliyofuata ukapiga. "Mzee amechukia. Muuaji kaandika barua ya kuungama kwenye sura ya mwisho. Anasema huo si upelelezi, hapo mwandishi amechoka." Sawa. Nikatuma cha pili. Ukapiga. "Huyu mpelelezi wako anapiga watu ngumi tangu ukurasa wa kwanza, hajamuuliza mtu hata swali moja. Mzee anasema angekuwa hakimu angemfunga mpelelezi kwanza." Nikatuma cha tatu, mganga akamwona muuaji kwenye beseni la maji. Hicho sikuambiwa neno la baba, niliambiwa tu kwamba alinyoosha mkono akakifunga mwenyewe kikiwa mikononi mwako.

Hayo yote yalikuwa maneno yake kweli. Najua, kwa sababu nimemuuliza. Sikulaumu kwa hayo. Baba ni mgumu wa kuridhika, hata chai mama alikuwa anaipika mara mbili.

Nilimrudia Mama Zuhura karibu nalia. Akaniambia, "Binti, huwezi kumnunulia mtu kama huyo kwa kuangalia jalada. Kaa usome wewe kwanza. Kikikudanganya wewe, usimpelekee." Kaka, mimi nilikuwa sijasoma kitabu tangu nimalize darasa la saba. Nilianza kwa kufuata mistari kwa kidole. Nilisoma muda wa chakula pale kiwandani, nimekaa juu ya rundo la mifuniko ya ndoo, ubwabwa unapoa. Siku moja nilikuwa nimefika mahali mwanamke anafungua kabati la marehemu, kengele ikalia sikuisikia. Msimamizi akaja akasimama mbele yangu. "Editha, hapa tunatoa ndoo au tunatoa digrii?" Wenzangu wakacheka. Mimi nikaondolewa kwenye kukagua ndoo, nikapelekwa mwezi mzima kwenye mashine ya kusaga mabaki ya plastiki, kelele na vumbi, hata mate nilitema ya bluu. Hilo sikukuambia wakati ule. Nilijiambia ni kwa ajili ya baba.

Ndipo nikapata kile cha mlinzi wa ghala la pamba. Hakikuwa na jalada, ukurasa wa kwanza una alama ya glasi ya chai. Mlinzi amekutwa amekufa ndani ya ghala lililofungwa, kufuli halijavunjwa, na watu watano wote wana majibu mazuri. Nilikisoma mara mbili ili nihakikishe hakuna mganga, hakuna barua ya kuungama, hakuna ndoto. Mpelelezi wake ni mama mzee anayepima pamba, anauliza tu na kunyamaza. Nikajisemea, huyu ni baba kabisa. Nikakifunga kwa kitambaa changu cha kichwa, nikakipeleka bandarini mwenyewe.

Nilingoja simu yako siku tisa. Ukapiga, ukasema, nanukuu maneno yako kwa sababu sijayasahau: "Mzee anasema afadhali ungetuma magazeti ya kufungia vitumbua. Jitahidi, Editha. Unamwaibisha." Nililia chooni kazini. Kisha nikaenda kutafuta kingine. Na kingine. Vinne baada ya hapo, vyote nimevisoma, na kila kimoja ulikitupa kwa mdomo wako.

Basi mwezi uliopita Mama Regina, jirani yetu, alikuja Mwanza kupima moyo, akafikia kwangu. Tunakula, akasema, "Yule kaka yako kajaliwa. Anavyojua kumchagulia mzee vitabu! Hicho cha mlinzi wa ghala mzee kakisomewa mara tatu, anakisimulia kwa kila anayepita. Na wewe, Editha, hata kimoja tu hujawahi kumtumia baba yako?"

Nilishika tonge mkononi, sikulipeleka kinywani wala sikulirudisha.

Jumamosi ile ile nilipanda meli. Ulikuwa umekwenda Bukindo kwa wakwe zako, na ninakwambia wazi, nilifurahi kwamba hukuwepo. Baba alikuwa barazani. Nikasema hodi, nikasema, "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani?"

"Editha."

"Editha yupi?"

Una habari hilo swali linaumaje, Faustini? Sauti yangu anaijua tangu nikiwa mgongoni kwa mama. Alikuwa ananiadhibu kwa mwaka mzima wa kumsahau, mwaka ambao sikumsahau hata wiki moja, ila salamu zangu zote zilipitia kwako.

Nikamwambia vile vitabu ni mimi. Akatikisa kichwa. "Faustini ndiye ananichagulia. Anaagiza kwa watu wa meli." Nikasema siyo. Akakaa wima, kama alivyokuwa akikaa mezani mahakamani, akaanza kuniuliza.

"Mlinzi aliuawa na nani?"

"Fundi wa mizani."

"Ulimjua lini?"

"Kabla ya nusu. Alisema hajawahi kukanyaga ndani ya ghala, lakini alipokuwa anaeleza alisema taa inaning'inia kushoto."

"Na kile cha daktari wa meno?"

"Kile nilikutumia kwa sababu mpelelezi anakosea mara mbili na anakubali amekosea. Nilijua utapenda."

Kuku walipita, shangazi akachungulia mlangoni akarudi ndani. Kisha baba akasema taratibu, "Nilipomuuliza Faustini kwa nini alichagua cha mlinzi, alisema jalada lake lilikuwa zuri."

Kaka, kitabu kile hakina jalada!

Hapo hasira zangu hazikuwa kwako peke yako. Nilimwambia baba, nikiwa nimesimama, na sijutii, "Wewe unayemkamata muuaji kabla ya nusu ya kitabu, umekaa mwaka mzima hujajua nani anakutafutia hivyo vitabu?" Unajua alichojibu? "Sikuwa natafuta. Nilikuwa nimefurahi kwamba Faustini amepata kitu anachokiweza."

Nilishuka barazani nikakaa kwenye jiwe la kufulia. Nilikuwa nakusikitikia na nakuchukia kwa pamoja, na hadi leo sijui lipi lilikuwa kubwa. Niliporudi nilimsomea sura mbili. Nilisoma vibaya, nakwama kwenye maneno marefu. Hakunisahihisha hata mara moja, na wewe unamjua baba.

Nilipokupigia ulipokea mara moja tu. Hukukana. Ulisema, "Wewe una kazi, una mji, una mshahara, kila mtu hapa anakutaja. Mimi nina nini? Nilichokuwa nacho ni ile saa moja ya jioni mzee anasema, vizuri, Faustini." Kisha ukakata.

Nimelifikiria neno lako, usidhani sikulifikiria. Najua wewe ndiye unayemwogesha baba. Najua unamshika mkono kwenda chooni, na usiku akiita ni wewe unayeamka. Kwa hayo ungesifiwa hata na mawe. Ungemwambia baba, "Editha kachagua, mimi nasoma," angekupa vizuri yako na mimi angenipa yangu, na hakuna ambaye angepungukiwa. Lakini hukutaka sehemu, ulitaka yote. Na ili uipate yote ilibidi baba aamini ana binti asiye na haya. Vile vikaratasi nilivyokuwa naweka ndani ya vitabu, vya kumsalimu, ulivifanya nini? Usinijibu mimi.

Na huo uongo wa vitumbua ulikuwa wa nini? Kunyamaza ningekuelewa. Mwizi anayekimbia na mali namwelewa. Wewe ulikuwa unarudi kunitukana ili niongeze bidii ya kukuletea.

Siandiki ili uniombe msamaha. Kwa sasa siutaki, ningejua tu umefundishwa na mkeo. Vitabu nitaendelea kutuma, maana aliyekosa ni wewe na anayesomewa ni baba. Vitapitia kwa Mama Regina, naye atavikabidhi mkononi mwa baba kabla ya mikononi mwako. Mimi nimerudishwa kukagua ndoo, na Mama Zuhura ananiwekea pembeni vilivyo vizuri. Sasa ananiuliza mimi kipi kinafaa wateja wengine.

Msalimie wifi, mkeo, na watoto wote. Nisalimie shangazi, dada yake baba. Mwambie dawa ya mgongo nimeiona, nitamtumia. Mama Regina usimnunie, hakujua anachokifungua.

Jambo la mwisho. Siku ile kabla sijashuka kwenda kupanda meli, nilimwambia baba nitakuandikia haya yote, na nikamweleza kila nitakachoandika. Alifikiri, akasema, "Mwandikie. Lakini hiyo barua ipite mkononi mwangu kwanza, kisha atanisomea yeye mwenyewe, kwa sauti, kwenye kiti hiki. Nataka kusikia ataruka wapi."

Ndiyo maana barua hii umeipokea kutoka mkononi mwake, na hujaisoma peke yako, Faustini. Kama umefika hapa bila kuruka, baba yuko mbele yako, na umeyasema yote kwa mdomo wako. Kama umeruka, anajua, na ameshajua ni mstari gani.

Sasa maliza, sema na hili, lisikike vizuri:

Shikamoo, baba. Ni Editha.