Kahawa ya Wageni wa Kesho

Mama Violeth,

Ukirudi kutoka kumpeleka Violeth shule, ndizi na maharage vipo jikoni, nimefunika kwa jani. Kula. Hapa Bilele hicho ndicho chakula cha asubuhi. Chapati zenu za Tanga ni za kusindikizia chai tu. Kuku wafungulie.

Sikuondoka kwa hasira. Ile kahawa uliyoisaga leo asubuhi ukaichemsha na tangawizi ilikuwa ya kutafuna. Sisi Wahaya, mgeni akishaketi tunampa punje chache mkononi, ndipo mazungumzo yaanze. Niliikausha siku nne. Hata hivyo nilikunywa kikombe changu chote. Mume wako ndiye aliyecheka, wewe ukatoka unalia. Miaka yote hii sikukuonyesha; hilo ni kosa langu.

~~Nitalala Maruku.~~ Nitarudi leo jioni. Nimefuata kahawa nyingine kwa dada yangu huko Maruku, kwa sababu ile nilikuwa nimewawekea wazazi wako. Kesho wakifika, usinisubiri mimi niwape. Wape wewe, kwa mkono wako. Kahawa hutolewa na mwenye nyumba.

Mama mkwe