Bila Pasipoti Bungoma

Dada Neema, shikamoo.

Mama usimwambie bado: nimeibiwa pasipoti sokoni Kitale, na nimegundua nilipofika Bungoma. Bila hiyo sivuki mpaka kurudi nyumbani. Kituoni, polisi wa zamu, mama mmoja mpole, aliuliza, "Sasa tutajuaje wewe ni Mtanzania?" Nikajieleza mpaka akaweka kalamu chini na kumwita mwenzake: "Kuja usikie hii Kiswahili, bana! Ameibiwa na bado anasema 'naomba'!" Tukacheka wote, mimi na machozi yangu. Ameniandikia barua ya kupeleka ubalozini Nairobi, kisha akanisogezea chakula chake cha mchana. "Kura mrenda kwanza, dada." Mrenda ndio nini? Nikaonja kwa wasiwasi. Kumbe mlenda, dada, mlenda wetu wa Singida! Nimemaliza bakuli.

Niombee safari njema.

Mdogo wako, Tumaini