Kopo Lilelile

Shosti, uko wapi? Nimejifungia stoo ya dukani kazini, sijui nicheke au nilie. Mama mkwe kaniumbua mbele ya foleni nzima, na wala hajui!

Unajua bei ikipanda tunabandua kwanza stika ya zamani ndipo tunabandika mpya, mteja asijue kuwa mzigo ni uleule. Wiki hizi bei zinapanda mpaka mikono imechoka, nikawa nabandika stika juu ya stika. Rafu nzima ya mafuta ya kupikia!

Leo mama mkwe kafika kaunta na kopo la mafuta hayo, akakwaruza stika kwa ukucha. Chini kuna bei ndogo. Akakwaruza tena. Chini kuna ndogo zaidi! Kopo lilelile, shosti. Kopo lilelile!

Akamuuliza meneja, "Baba, haya mafuta yanapanda bei yakiwa yamekaa tu hapo?"

Meneja eti, "Mama, hali ya uchumi." Huku kanikodolea macho mimi.

Foleni nzima ikaanza kukwaruza makopo. Mama mkwe akanigeukia: "Mwanangu, wewe si uko humu ndani? Hebu tuambie nani anatufanyia hivi."

Nani! Nikaficha mikono nyuma. Kucha zimejaa gundi.

Nikadhani ataliacha kopo. Thubutu! Kafungua pochi, kalipa ile bei ya juu kabisa. "Nifanyeje? Wajukuu zangu watakula nini?"

Wanangu hao, shosti.

Na foleni yote ikalipa nyuma yake.