Vitufe vya Mkono wa Kushoto

Karlovo, 9 Februari

Mwanangu Nevyana,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi ni mzima, magoti yanalalamika kama kawaida yake, na theluji imekaa juu ya paa tangu Krismasi wala haina haraka ya kuondoka. Wewe je, hujambo? Kifua kimepona? Nasikia huko Varna upepo wa bahari hauna adabu, ufunge shingo.

Sasa nikwambie kilichonifanya niandike. Macho yananiaga. Daktari wa Plovdiv alisema maneno mengi ya Kilatini, nikamwomba aseme kwa lugha ya watu, akasema hayatarudi. Basi. Usinionee huruma, huruma ninayo ya kutosha kwa majirani, wananiletea supu mpaka nimenenepa.

Shida yangu ni ile programu. Unajua ni mimi niliyeiandika, ile inayolinda joto la mapipa ya kunerekea mafuta ya waridi pale kwenye ushirika wetu. Mwaka huu wamenunua vipimajoto vipya, na programu lazima ifundishwe kuvisoma kabla ya mavuno. Bi Rusanka, mwenyekiti, kaniita ofisini kanipa kahawa. Ukiona Rusanka anakupa kahawa, ujue kuna jambo. Kasema, "Mzee Gancho, ikifika sikukuu ya Mtakatifu Georgi, tarehe sita Mei, kazi haijaisha, nawaita vijana wa kampuni kutoka mjini. Wataitupa hiyo yako, wataweka ya kwao." Nikaelewa kwamba na mimi natupwa pamoja nayo.

Kipanya siwezi tena, mshale wake siuoni uko wapi. Lakini kihariri changu, kile ninachoandikia programu, hakijawahi kutaka kipanya. Ni vitufe vya kibodi tu, na vidole vyangu vinavijua kuliko miguu inavyoijua njia ya kanisani. Kinakosa jambo moja: kuniambia niko wapi. Wewe ndiye fundi wa mambo hayo. Kifundishe kusema. Mipangilio yangu yote nimeiambatisha hapa.

Kazi hii ikinitoka mikononi, mama, sijui asubuhi nitaamkia nini.

Ni mimi baba yako.

*

Varna, 20 Februari

Shikamoo baba,

Mimi sijambo, kifua kimetulia. Ukungu umeingia mjini hautoki. Meli zinapiga honi na hazionekani, na mimi nimekaa dirishani nafanya kazi kama mtu aliye ndani ya bakuli la maziwa. Magoti uyapake ile dawa, usiiweke kabatini kama pambo.

Barua yako niliisoma kazini, nikaenda kujifungia chooni nikalia. Nimemaliza, sasa tufanye kazi.

Kihariri chako kinasema. Ukishuka mstari, kinakusomea mstari huo. Na unakumbuka ulivyonifundisha nikiwa mdogo, kwamba kina hali mbili: hali ya kuandika na hali ya amri, na kitufe kilekile kinachoandika herufi katika hali ya kwanza, katika hali ya pili kinakata mstari au kinakurusha mwisho wa faili. Mwenye macho hutupa jicho chini ya kioo ajue yuko hali gani. Wewe utasikia. Ukiingia kuandika italia sauti nyembamba, ukirudi kwenye amri italia sauti nene. Halafu ule ugonjwa wetu wa nchi nzima, wa kusahau kutoka kwenye herufi zetu za Kibulgaria na kurudi kwenye za Kilatini, unatoa amri kihariri kinakukodolea kama mgeni, huo nao nimeutibu. Sasa kinaelewa herufi za aina zote mbili.

Ila baba, usikasirike. Mipangilio yako ilikuwa banda la vyuma chakavu. Vitufe vyote vimerundikana upande mmoja, na cha kuhifadhi faili kiko mahali ambapo hakuna binadamu mwingine aliyewahi kukiweka. Nimevirudisha vyote penye kawaida, kama wanavyotumia watu wote, ili hata ukikaa kwenye mashine ya mwenzako usipotee. Jizoeze kidogo tu, utanishukuru.

Mwanao Nevyana.

*

Karlovo, 2 Machi

Marahaba mama,

Nimepata barua na nimefurahi kifua kimetulia. Jana nimekufungia ule uzi wa Machi mosi, mwekundu na mweupe, kwenye tawi la mlozi, kwa kuwa mkono wako uko mbali. Theluji imeshuka kutoka kwenye paa yenyewe, kwa kishindo, ikamtia hofu paka.

Sauti ni nzuri. Huyo mwanamke wako anasoma kama mtangazaji wa stesheni ya treni. Nilimwacha anisomee programu nzima, usingizi ukanichukua palepale kitini, nikaota natembea ndani yake. Kila sehemu ilikuwa chumba. Chumba cha mvuke, chumba cha maji baridi, ukumbi mrefu wa mapipa, na mahali pote palinukia waridi, na sakafu ilikuwa na joto chini ya nyayo. Mama yako alikuwa anapita mbele yangu anazima taa, anasema huhitaji hizi. Na kweli sikuzihitaji.

Nilipoamka nikataka kufanya kazi, nikapotea. Nevyana, umeingia nyumbani kwa mtu asiyeona ukamhamishia vitanda. Naenda penye mlango nakuta ukuta. Nataka kuhifadhi, nafuta. Nataka kutafuta, naandika upuuzi. Mimi sitaki kukaa kwenye mashine ya mwenzangu. Nataka kukaa kwenye yangu. Nirudishie vitufe vyangu.

Baba yako.

*

Varna, 8 Machi

Shikamoo baba,

Natumai umeamka salama, na asante kwa salamu za siku ya wanawake, maua yamefika. Umewezaje kuagiza maua bila kuona, sitauliza, najua umemsumbua jirani.

Kuhusu vitufe, hapana. Baba, mimi kazi yangu ndiyo hii kila siku. Ukipatwa na jambo, mashine ikiharibika, nani atakaa kwenye kihariri chako? Hakuna. Umejijengea nyumba ambayo ufunguo wake ni wewe peke yako, halafu unaniambia mimi ndiye niliyehamisha vitanda. Kichwa chako bado kizuri, kinajifunza. Wewe mwenyewe ulikuwa unaniambia mwanafunzi mvivu husingizia kalamu.

Endelea wiki hii na nyingine. Nakupenda, ndiyo maana nakataa.

Mwanao.

*

Varna, 27 Machi

Shikamoo baba,

Hujambo? Siku nyingi kimya. Hapa ukungu umeondoka, bahari ina rangi ya chuma. Umeshazoea vitufe? Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao.

*

Karlovo, 11 Aprili

Nevyana,

Natumai u mzima. Mimi pia ni mzima, na nimekawia kukujibu.

Juzi nilibeba mashine yangu mpaka ushirika. Walijaza pipa maji matupu ili tujaribu vipimajoto. Rusanka alisimama nyuma yangu na jopo lake zima la wajuaji, wanaongea, wanatafuna alizeti. Nilikuwa nimejizoeza vitufe vyako vya kawaida, mama, Mungu shahidi, na nyumbani nilikuwa naviweza. Lakini watu walipoanza kuniangalia, vidole vikarudi kwao. Kidole kidogo cha kushoto kikaenda kuhifadhi faili kama kilivyofanya tangu hujaanza kutembea, na pale ulipokuwa mlango wa kuhifadhi, wewe umeweka kisu cha kukata mstari. Mtangazaji wako akasema "umekatwa", nikamsikia kwa mbali kwenye kelele zile. Nikahifadhi nikiwa tayari nimeukata. Ulikuwa mstari unaotaja mwisho wa joto.

Pipa likachemka bila kuzuiwa. Vali ikapiga mluzi, mvuke ukajaa ukumbi, watu wakakimbilia nje. Hakuna aliyeungua. Nilibaki mimi peke yangu kwenye mvuke, natabasamu kama mjinga, maana ndani ya mvuke ule hakuna aliyekuwa anaona kuliko mimi.

Rusanka hakunifokea. Angenifokea ningefurahi. Alinishika kiwiko akanitoa nje, akasema vijana wa mjini wameshapewa siku ya kuja, siku inayofuata sikukuu. Nawe usihangaike tena na vitufe. Nimechoka, mwanangu.

Baba yako.

*

Varna, 19 Aprili

Shikamoo baba yangu,

Nakupigia simu hupokei. Nimempata jirani yako, kaniambia unakula na unalala, nikashukuru kwa hayo.

Nisikilize. Siku niliyosoma barua yako nilirudisha vitufe vyako vyote kama vilivyokuwa. Kisha nikafanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya mwanzo. Nikaviweka kwenye mashine yangu mwenyewe, nikajifunga skafu machoni, nikafungua ile programu yako ya waridi. Wenzangu ofisini walidhani nina wazimu. Mmoja akaniuliza, "Nevyana, unacheza kibe?" nikamwambia ndiyo, na baba yangu ndiye aliyejificha.

Mara ya kwanza nilifuta nusu ya kila kitu. Nikarudia, kila siku nikarudia. Baada ya siku kadhaa mikono ikaacha kuuliza. Nikawa nashuka na ile sauti mstari kwa mstari, na baba, nilikiona chumba cha mvuke. Nilijua kiko kushoto kabla sijafika. Nilipita ukumbini nikahesabu mapipa kwa kidole, nikasimama pale ambapo ule mstari ulikatwa, nikahisi ubaridi kama dirisha lililoachwa wazi. Nilivua skafu jua limehama chumba, sikujua nimekaa muda gani.

Vitufe vyako si vyuma chakavu. Vina mpango, na nimeufuata mpaka nimeujua wote. Lakini sijaelewa jambo moja. Kwa nini kila kitu kiko kwenye mkono wa kushoto? Mkono wa kulia hauna kazi hata moja. Wewe si wa kushoto.

Mipangilio hiyo nimeitia humu, na vipimo vya sauti nimevipandisha, sasa "umekatwa" ataisikia hata kiziwi. Siku bado zipo. Jaribu tena, baba. Nisamehe.

Mwanao Nevyana.

*

Karlovo, 25 Aprili

Marahaba mama yangu,

Mimi sijambo sana leo. Mlozi umemaliza kuchanua, na mashambani waridi limeanza kutia vitumba, Rusanka kanitumia kimoja, sijui ni ugomvi au salamu.

Unauliza mkono wa kulia. Mama yako alikuwa zamu ya jioni kiwandani, na wewe ulikuwa mtoto mkorofi. Kitandani hulali, kwenye kigari hulali, kwa bibi yako unapiga kelele mpaka mbwa wa mtaa wanaitikia. Ulikuwa unalala mahali pamoja tu, juu ya mkono wangu wa kulia. Na mimi nilikuwa na programu ya kuandika. Basi nikawa nahamisha kitufe kimoja kimoja kwenda kushoto, leo cha kukata, kesho cha kutafuta, mpaka mkono mmoja ukaweza kazi yote. Ulipoanza kutembea, vidole vilikuwa vimeshazoea. Sikuona sababu ya kuvirudisha. Programu ile yote ya waridi niliiandika nikiwa nimekupakata.

Sikukwambia mwanzo kwa sababu haikuwa hoja ya kiufundi. Ungenicheka.

Nimeanza tena. Nafanya kazi asubuhi, dirisha wazi. Vitanda viko mahali pake.

Baba yako.

*

Karlovo, 7 Mei

Mwanangu mpenzi Nevyana,

Salamu za sikukuu. Natumai huko umekula mwanakondoo, hata kama ni wa hoteli. Mimi nimeshiba na niko salama, ila moyo unakwenda mbio, ndiyo maana nakuandikia kabla ya chai.

Kazi imeisha. Usiku wa kuamkia sikukuu haujafika, nilikuwa nimeshamaliza. Nilimwomba Rusanka ajaze pipa maji tena, akasema, "Mzee, unataka kutupika mara ya pili?" lakini akajaza. Safari hii niliwaomba wakae kimya, wakakaa. Vidole vikaenda. Nilifundisha programu kipimajoto cha mwisho palepale mbele yao, nikahifadhi, nikaiendesha. Maji yalipanda, yakafika mwisho wake, mvuke ukajifunga wenyewe. Nikasikia mtu anatema ganda la alizeti. Rusanka akasema, "Vijana wa mjini nitawapigia simu wasije."

Lakini ana sharti, na nimelala nalo. Kasema, "Mtu asiyeona, peke yake karibu na mvuke msimu mzima, sitakubali. Tafuta mwenye macho anayejua hivyo vitufe vyako, akae nawe mpaka waridi liishe. Usipompata, nitawaita tena." Nikamwambia dunia nzima yuko mmoja. Akasema, basi mwandikie huyo.

Ndiyo nakuandikia. Najua una kazi yako, ingawa kazi yako inabebeka begani. Najua tangu arobaini ya mama yako hujalala nyumba hii, na sikuwahi kukuuliza kwa nini, maana hata mimi nailala kwa shida. Sasa nakuomba. Waridi litafunguka wiki ijayo. Njoo, mama.

Jambo moja ulijue kabla hujafika, lisikuumize stesheni. Yule daktari alisema kilichokufa ni katikati ya jicho. Pembeni bado pana mwanga kidogo. Mtu akisimama mbele yangu nikamtazama usoni, uso haupo. Kwa hiyo ukishuka kwenye treni usije ukasimama mbele yangu, ukadhani sikufurahi. Njoo ukae ubavuni kwangu. Hapo nitakuona.

Baba yako.