Mpwa Wangu Anataka Kuirudisha Revolva Niliyomchagulia

Mpendwa mshauri, mimi si mtu wa kuomba msaada, trekta langu likizama matopeni nalivuta kwa mikono hii hii na watu wa hapa Hemlock, Pennsylvania, ni mashahidi, ila safari hii nimekwama mahali ambapo mikono haisaidii, basi nisaidie na tafadhali usinizungushe.

Nina mpwa mmoja tu, Renata, mtoto wa marehemu dada yangu Lorene, ni mtu mzima mwenye kazi yake ya kusafisha meno ya watu kwa daktari mjini, na tangu mama yake afariki tumebaki mimi na yeye, Ijumaa za Kwaresima tunakula samaki pamoja kwenye ukumbi wa wazima moto, msimu wa kuwinda kulungu ukifunguliwa yuko na mimi msituni, na Jumapili ananiletea pierogi, vile vitumbua vya Kipolandi vyenye viazi ndani, kama alivyokuwa akifanya mama yake. Sasa mwezi wa tatu akaniambia, "Mjomba, nataka kununua bastola yangu ya kwanza, revolva, ya kulengea shabaha tu, niingie mashindano ya klabu. Twende ukanisaidie kuchagua." Nilijiona nimevikwa taji, maana nani katika wilaya hii anazijua silaha kunishinda mimi, mimi niliyeangusha kulungu wawili kwa risasi moja, wa kwanza kwa risasi na wa pili kwa woga, mimi niliyezima mshumaa kutoka ng'ambo ya mto bila nta kumwagika, ingawa aliyeshuhudia hilo alihamia Ohio na hapokei simu.

Tulipofika dukani Renata akashika revolva moja ya ishirini na mbili, zile za risasi ndogo, nzito, mtutu mrefu, yenye kilengeo cha kurekebishwa, akaigeuza geuza akasema, "Hii imenikaa mkononi, Mjomba. Kidole kinafika vizuri kwenye kifyatulio." Nikaichukua nikairudisha mezani. Nikamwambia, "Hiyo ya kuulia panya ghalani. Utafyatua, karatasi ya shabaha yenyewe ikucheke." Muuzaji akaingilia, eti wengi huanza na hiyo, haina teke la kurusha mkono na risasi zake hazimalizi mshahara, nikamwambia, "Wewe uza, ushauri niachie mimi." Nikamchagulia magnum ya arobaini na nne, ya risasi kubwa, chuma cheupe kinachong'aa, ikilia ng'ombe wa jirani wanagoma kutoa maziwa siku mbili. Renata akaiangalia, akaniangalia mimi, akalipa kwa pesa zake, kwa kuniamini.

Uwanjani kwa klabu, risasi ya kwanza ilimrushia mtutu hadi ukingo wa kofia. Nikamwambia kaza mkono, akakaza. Nikamwambia bana pumzi, akabana hadi akawa mwekundu kama nyanya. Kila Jumamosi tulikuwa pale, na risasi zote zikawa zinachimba udongo chini ya karatasi, na mkononi mwake, katikati ya dole gumba na kidole cha shahada, pakavimba, Jumatatu anaenda kushika meno ya watu kwa mkono huo. Nikamwambia atazoea, kila mtu huzoea.

Ndipo akaja Ardith, mkufunzi wa klabu, mama mmoja aliyekuwa dereva wa basi la shule, mbegu za alizeti haziishi mdomoni. Akasema, "Lete nikujazie mimi." Akatugeuzia mgongo, akajaza silinda, chumba hiki risasi nzima, chumba kile ganda tupu, akaifunga akamkabidhi, maana hapa klabuni ndivyo wanavyompima mtu, mpigaji hajui ipi itakuja. Renata akalenga, akavuta. Nyundo ikagonga ganda tupu, ta! Hakuna mlio, hakuna teke, lakini mtutu uliinama kama mtu anayesujudu.

Ardith akamwambia, "Umeona, mwanangu? Hakuna kilichokupiga hapo. Mkono umeanza kuogopa kabla risasi haijatoka."

Mimi nikacheka kwa sauti, nikasema hiyo ni michezo ya watoto, mpigaji wa kweli hahangaishwi na maganda. Rafiki yangu Stosh, ambaye bia zangu amekunywa tangu ujana, akapaza sauti mbele ya safu nzima ya wapigaji, "Jaribu wewe basi, bingwa wa mshumaa!" Ningefanyaje? Nikavaa viziba masikio, nikasimama, Ardith akaijaza ileile magnum, nikavuta. Ya kwanza ikalia vizuri kabisa, andika hivyo. Ya pili ikasema ta, na mtutu, mshauri, uliinama kuliko ulivyoinama kwa Renata. Stosh akasema, "Angekuwa kulungu, angekufa kwa kicheko." Nikawaeleza kuwa silinda imelegea, na kwamba nilikula soseji nyingi asubuhi, lakini walikuwa hawasikii, wameshika mbavu.

Renata hakucheka. Ndilo linaloniuma hilo. Alikuwa ananitazama mkono, kisha akasema taratibu, "Kumbe nilijifunza kwako."

Garini akaniambia, "Mjomba, Jumamosi ijayo narudi dukani kuibadilisha, nachukua ile ya kwanza. Ardith atanifundisha upya. Twende wote."

"Ukiibadilisha, usikanyage kwangu."

"Ni chuma tu, Mjomba."

"Si chuma. Ni neno langu."

Akashuka mlangoni kwake, akafunga mlango wa gari polepole, hata heri angeubamiza. Jumapili pierogi hazikuja. Leo Jumatano, simu kimya. Sasa nakuuliza, nimwambie nini aache upuuzi huo aendelee na magnum, maana bado kidogo tu angeizoea, na huyo Ardith je, nimpeleke mbele ya kamati ya klabu kwa kunivunjia heshima?

Mimi Mjomba Niliyetupwa, Hemlock.

*

Mjomba,

Pole kwa kufiwa na dada yako. Pole nyingine sina, kwa sababu hakuna aliyekutupa. Wewe ndiye uliyemfukuza mtu, tena mtu asiye na mama.

Tuanze na dukani. Mpwa wako alikuomba umsaidie kuchagua, wewe ukachagua. Mkono ni wake, na mkono huo ulikwisha kumpa jibu. Anayeanza kulenga shabaha anataka kitu kizito chenye risasi nyepesi, mtutu mrefu, kilengeo anachoweza kukirekebisha, mpini unaoenea kiganjani, na risasi anazoweza kumudu ili apige nyingi. Vyote hivyo alikuwa amevishika pale dukani, ukamnyang'anya. Ukampa kitu cha kutisha ng'ombe, halafu mtoto wa watu alipotishika ukamwambia akaze mkono. Unasema bado kidogo angezoea. Alikwisha kuzoea, Mjomba! Alizoea kuogopa, na woga wa namna hiyo ukishaingia mkononi hutoka kwa miezi, si kwa Jumamosi moja.

Kuhusu Ardith, iache kamati ipumzike. Nusu ya kamati bila shaka walikuwa pale wameshika mbavu. Yeye hakukuita kwenye ile safu. Ulijipeleka mwenyewe, kwa kinywa chako. Na wala si aibu mtu mzima kushtuka na magnum. Watu wazima wengi hushtuka, ila hawasingizii soseji.

Mtutu kuinama ni jambo dogo, nawe umeliandikia nusu ya barua. Lile la "usikanyage kwangu" umeliandika kwa mstari mmoja ukapita. Binti huyu hana nyumba nyingine ya kwenda Jumapili. Alikuambia "twende wote" baada ya kuona kila kitu, baada ya kujua kwamba ulimfundisha kosa lako mwenyewe. Ukamjibu kwa kumfungia mlango ili kuilinda hadithi ya mshumaa ambayo hata shahidi wake hapokei simu yako.

Sasa sikiliza. Usingoje Jumamosi. Mpigie leo, umwambie, "Nilikosea kukuchagulia, na lile neno la kukufukuza nalifuta." Basi. Usiongeze habari za silinda, usimtaje Stosh. Dukani hawataipokea kwa bei aliyonunulia. Hasara hiyo ni yako, uilipe bila hotuba. Akiishika ile ishirini na mbili, mikono yako ikae mfukoni. Na klabuni usirudi kama mwalimu. Ama umwombe Ardith akujazie maganda na wewe, uanze upya mbele ya haohao waliokucheka, ama ukae benchi la nyuma ufunge mdomo, na masikio kwa vile viziba vyako.

Siwezi kukuahidi kwamba atakurudia kama alivyokuwa. Huenda akaenda na Ardith, akapiga vizuri, na asikuhitaji tena kwa jambo hilo. Utalimeza hilo, litakuwa chungu, na utalimeza.

Mpigie. Akipokea, ukishasema hilo moja, mwache aongee. Asipopokea, usimwachie ujumbe wa kujitetea. Mpigie kesho.